Gari Lolote, Mradi Si Chaguo la Nozeli

Seremala alikuwa akiapa kwamba yeye si mtu wa wivu. Aliapa huku akipiga randa, kwa sauti ya mtu anayesema ameshiba huku jicho liko kwenye sufuria. Lakini tangu pikapu ya dizeli ya yeye na mkewe ilipoanza kukohoa, kila aliyepita mbele ya karakana yake aliona kuwa bwana yule ana donge rohoni, na donge lenyewe lina jina. Liliitwa Nozeli.

Nozeli alikuwa fundi magari. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika, kwa sababu kila alipoletewa gari la dizeli, kitu cha kwanza alichokishuku kilikuwa nozeli, kile kidude cha kupulizia dizeli ndani ya injini, na mara nyingi hakukosea. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, asiye na mke wala mtoto, mchache wa maneno. Au tuseme alikuwa mchache wa maneno kwa watu wengine wote. Kwa mke wa seremala, maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka.

Mke huyo watu walimwita Mama Pacha, kwa sababu ya mabinti zao wawili waliokuwa shule ya bweni. Ndiye aliyekuwa dereva wa nyumba. Mumewe alitengeneza vitanda, makabati na meza, naye Mama Pacha akavipakia kwenye pikapu, akavifunga kamba na kuvifikisha kwa wenyewe bila mkwaruzo. Seremala naye alikuwa na leseni, lakini aliendesha kama mtu anayevuka mto kwa miguu, akipapasa kila hatua, kwa hiyo usukani aliuachia mkewe na wala hakuona haya. Mama Pacha alizaliwa kwenye nyumba ya magari. Baba yake alikuwa dereva wa lori, na msaidizi wake kwenye lori hilo, kijana aliyelala chumba cha uani na kula sahani moja na watoto wa nyumba, alikuwa ndiye huyo huyo Nozeli.

Basi unaweza kuelewa. Pikapu ilipokataa kuwaka asubuhi, Nozeli alikuja. Ilipotoa moshi mweusi mpaka majirani wakaanua nguo, Nozeli alikuja. Ilipochemsha rejeta, ilipovuja dizeli, ilipopiga kelele kama mtu anayetikisa kijiko kwenye kopo, Nozeli alikuja na boksi lake la spana, akafungua boneti, na Mama Pacha akasimama pembeni yake akishika tochi.

Hapo ndipo seremala alipoumia. Tochi angeimeza, na spana pia angezimeza. Kilichomkaba ni kicheko. Wale wawili waliinamia injini na kuzungumza lugha ya pampu na gasketi na klachi, lugha ambayo yeye hakuijua hata salamu yake, halafu ghafla mmoja alisema kitu na mkewe akacheka. Si kile kicheko cha kumridhisha mgeni. Alicheka mpaka akashika bampa.

"Mlikuwa mnacheka nini?" seremala aliuliza siku moja, akijifanya anatafuta penseli yake, ambayo ilikuwa sikioni.

"Aa, mambo ya zamani," mkewe alisema. "Baba aliwahi kumwaga oili kwenye tangi la maji. Huwezi kuelewa, ni mpaka uwe ulikuwepo."

Mpaka uwe ulikuwepo. Seremala alirudi kwenye benchi lake, akaendelea kupiga randa mlango wa kabati. Alipiga randa na kufikiri, akafikiri na kupiga randa, na alipozinduka mlango ulikuwa umekuwa mfupi kiasi cha kupitisha mkono kwa juu. Ilibidi auanze upya.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemwaga petroli kwenye moto. Alikuja kuwasalimia, akamkuta Nozeli amekaa barazani na kikombe cha chai, Mama Pacha akimwongeza sukari bila kumuuliza vijiko vingapi. Alingoja mpaka fundi alipoondoka na wifi yake alipoingia ndani.

"Mdogo wangu," alisema, "huyo anakuja kutengeneza gari au anakuja kunywa chai?"

"Dada, ni fundi tu."

"Haya. Mimi sina neno. Ila gari la shemeji yako aliwahi kulitengeneza huyo huyo, likapona siku ile ile, na mpaka leo halijarudi. Lenu haliponi. Nauliza tu."

Alisema anauliza tu, akaaga, akaenda zake. Seremala alibaki na swali hilo kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Kwa nini haliponi? Akaanza kupiga hesabu za moyoni. Ilikuwaje gari liwake vizuri Jumatatu, likatae Alhamisi? Ilikuwaje Nozeli afunge kitu kimoja na kingine kilegee? Akashika wazo moja, na wazo hilo likamshika na yeye: yule mwanaume hatengenezi gari, analiacha na ugonjwa kidogo kila mara ili apate sababu ya kurudi. Tangu hapo, kila alipoona boneti imefunguliwa, hakuona injini. Aliona mlango wa nyumba yake umeachwa wazi.

Mambo yalifika pabaya siku walipompelekea mteja kabati la milango mitatu. Kabati lilikuwa limelazwa nyuma, miguu yake ikichungulia nje kwa sababu bodi ya pikapu ilikuwa fupi, na seremala amekaa mbele na mkewe. Kwenye kilima cha hospitali gari likaanza kupungua nguvu. Mama Pacha akashusha gia, akashusha tena. Moshi ukawafunika waliokuwa nyuma, mtu akawapigia honi, mwingine akawatukana kwa adabu. Halafu injini ikazima, kimya, katikati ya kilima.

Mama Pacha akavuta breki ya mkono. Kabla seremala hajafungua mdomo, mkewe alikuwa ameshapiga simu.

"Tupo kilima cha hospitali," alisema. "Eeh. Imekufa kabisa. Haya, tunakungoja."

Hakusema hata anaongea na nani. Wala huko upande wa pili hakuna aliyeuliza wewe nani.

Nozeli alifika kwa pikipiki, shati limepigwa pasi, ananukia sabuni. Seremala aliona pasi, akasikia sabuni, vyote akaviweka kwenye ghala la moyo wake. Fundi aliinama, akalegeza hiki, akavuta kile, akamwambia Mama Pacha ajaribu kuwasha, akamwambia aache. Alipoinuka alifuta mikono polepole.

"Dereva," alisema, kwani hivyo ndivyo alivyomwita, "nitalifikisha kabati la watu leo. Lakini nisikudanganye, gari hili limechoka. Pampu imekwisha, na injini yenyewe inakula oili. Nikikaza huku, kunaachia kule. Msiendelee kunipa kazi. Tafuteni jingine."

"Tuchukue lipi?"

"Fahali," Nozeli alijibu bila kufikiri.

Katika mji ule pikapu mpya zilizogombaniwa zilikuwa aina mbili. Moja ilikuwa na nembo ya pembe mbele, watu wakaiita Fahali. Nyingine nembo yake ilichongoka, wakaiita Mshale. Majina yenyewe ya kiwandani hakuna aliyejisumbua kuyatamka. Kulikuwa na watu wa Fahali na watu wa Mshale, na mabishano yao yaliweza kuchelewesha hata maziko.

Seremala hakuwa wa upande wowote mpaka dakika ile. Lakini Nozeli alipotamka Fahali, yeye aliyekuwa amesimama nyuma kashika mguu wa kabati, akawa mtu wa Mshale, damu na nyama.

Habari ya kuuza lile bovu ilimfurahisha hata akashindwa kuificha furaha yake. Gari jipya haliharibiki. Gari lisiloharibika halihitaji fundi. Aliwaza hivyo njia nzima, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alisaidia kushusha kabati huku anapiga mluzi.

Siku waliyokwenda kwenye yadi ya magari, muuzaji aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa kijana mnene mwenye viatu vinavyong'aa, na kazi yake aliijua: hakumpinga mtu. Mama Pacha alizunguka Fahali, akachuchumaa kutazama springi, akalala chini na gauni lake kuangalia uvungu. Akaiwasha, akaizungusha nje ya yadi na kurudi, na aliposhuka uso wake ulikuwa umefunguka.

"Imetulia," alisema. "Ukikanyaga inaitika. Na kwenye mashimo haikurushi."

"Mama ana jicho," muuzaji alisema. "Kweli kabisa, imetulia."

"Mimi naona Mshale," seremala alisema.

"Mzee naye ana jicho," muuzaji alisema. "Mshale ni gari la wanaojua."

Mama Pacha akamtazama mumewe. Mtu huyu hakuwahi kuwa na neno juu ya gari. Siku waliyonunua lile la kwanza aliuliza jambo moja tu, kama redio inafanya kazi.

"Umeona nini kwenye Mshale, Baba Pacha?"

Seremala akatoa futi yake mfukoni, akapima bodi ya Mshale kwa mapana na marefu, akapima ya Fahali. Kwa bahati yake njema, Mshale ilikuwa ndefu zaidi.

"Umeona? Kabati linalala lote, miguu haitoki nje. Na milango yake, sikiliza." Akafungua na kufunga. "Inafunga kama ya kabati zuri. Mtu aliyeijenga hii anajua kazi."

"Bodi ndefu kweli ni jambo la maana," mkewe alikubali, kwani alikuwa mtu wa haki. "Lakini mimi ndiye ninayeendesha, na Fahali imenikaa mkononi. Nozeli naye kasema…"

"Ndiyo!" seremala alidakia. "Nozeli kasema. Nozeli kasema! Kwani gari ni la nani? Nani anapanda humo na wewe, mimi au Nozeli?"

Muuzaji akakumbuka kwamba ana kitu cha kuangalia ofisini.

Mama Pacha alisimama akiwa na ufunguo wa Fahali mkononi. Hakupaza sauti. "Kwa hiyo hutaki Fahali kwa sababu ya bodi fupi?"

"Bodi ni fupi."

"Mimi nakuuliza wewe, si bodi."

Seremala akakunja futi yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Siitaki kwa sababu yeye ndiye anaitaka," alisema mwisho. "Basi. Nichukulie gari lolote duniani, mradi si chaguo la Nozeli."

Mke wake alionekana kama mtu mwenye neno mdomoni, akalimeza. Akaenda mpaka mlango wa ofisi, akaurudisha ufunguo wa Fahali mezani.

"Tunachukua Mshale," alimwambia muuzaji. "Na lile letu kuukuu mtalichukua kama tulivyokubaliana."

Aliendesha gari jipya mpaka nyumbani bila kutoa sauti. Seremala, amekaa pembeni kwenye kiti kinachonukia upya, alikuwa ameshinda, na hakuelewa kwa nini ushindi ule unamkaa tumboni kama kiporo.

Hata hivyo, miezi iliyofuata ilikuwa ya raha kwake. Mshale iliwaka kila asubuhi kwa mguso mmoja. Hakuna moshi, hakuna boneti wazi, hakuna pikipiki mlangoni. Makabati yalilala yote, miguu ndani. Seremala aliosha gari hilo kwa mikono yake, akawa anawasimulia wateja habari za bodi yake hata kabla hawajauliza. Mama Pacha aliendesha, akafikisha mizigo na kurudi salama. Alikuwa mpole, alijibu kila alichoulizwa. Ila kicheko kile cha kushika bampa hakikusikika tena, na seremala alipoona hivyo, wivu wake, badala ya kulala, ukageuza upande. Kumbe alikuwa akicheka kwa ajili ya yule tu, aliwaza. Kumbe mimi sina cha kumchekesha. Akawa anamwonea Nozeli wivu kwa kutokuwepo kwake, kama alivyomwonea kwa kuwepo.

Kisha muuzaji wa yadi akapiga simu kuwakumbusha. Mshale inatakiwa ifanyiwe sevisi ya kwanza, na waipeleke kwa fundi aliyeidhinishwa na kampuni, la sivyo dhamana inakufa.

"Yuko wapi huyo fundi?" seremala aliuliza.

"Hapo hapo mjini, mzee, wala si mbali. Ukishapita wauza mbao, kona ya pili, geti la bluu. Ana mashine ya kusoma magari ya Mshale. Ni yeye peke yake mji mzima."

Seremala alikuwa akinunua mbao huko maisha yake yote. Geti la bluu alilijua vizuri sana. Hata hivyo akauliza, labda kuna geti la bluu jingine. Hakukuwa na jingine.

Alimkuta mkewe uani anaanika mashuka.

"Fundi wa Mshale ni Nozeli," alisema.

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu kabla ya siku ile ya yadi. Mwenyewe alikuwa ameshaniambia kwamba wale wa Mshale wamempa ile mashine yao."

"Sasa mbona hukusema?"

Mama Pacha akabana shuka kwenye kamba. "Ningesema, ungeamini? Ungesema namtetea. Ulikuwa umeshafunga mlango, nikakuacha ndani."

Seremala akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Shuka lilikuwa katikati yao, na huenda hilo ndilo lililompa ujasiri, maana hakuuona uso wa mkewe. Akauliza lile ambalo alikuwa nalo tangu zamani.

"Huyo mtu. Kulikuwa na kitu?"

"Alileta posa," sauti ya mkewe ilisema nyuma ya shuka. "Kwa baba. Baba akakubali, akafurahi mno. Mimi nikakataa."

Seremala alihisi masikio yake yanapata moto. "Miaka yote hii hukuniambia!"

"Na wewe miaka yote hii hukuniuliza. Unanuna tu. Unapiga randa milango ya watu mpaka inakwisha. Ulifikiri sioni? Nikacheka na mtu niliyekua naye, unanuna. Nikamwongeza sukari, unanuna. Ningekuwa namtaka, Baba Pacha, ningekuwa kwake. Nilipewa, nikasema sitaki. Nikaja kukaa na wewe uliyekuwa hujui hata kuendesha."

"Najua kuendesha," seremala alisema kwa unyonge.

"Vizuri. Basi kesho lipeleke gari mwenyewe."

Akalipeleka mwenyewe. Alitoka na gia ya kwanza, akapanda ya pili, akabaki hapo mpaka kwa wauza mbao, magari yakijipanga nyuma yake. Nozeli alikuwa getini akizungumza na mteja. Alipoona Mshale inakuja kwa mwendo wa mgonjwa, alijua anayeendesha si Dereva.

Hawakusalimiana kwa bashasha. Fundi aliingiza gari ndani, akachomeka waya wa mashine yake chini ya usukani, akaanza kumwaga oili. Seremala alikaa kwenye benchi. Benchi lilikuwa limelegea miguu, akalitikisa kwa mazoea ya kazi yake, akaacha.

"Wewe ulisema tuchukue Fahali," alisema.

"Nilisema."

"Wakati una mashine ya Mshale. Unajikosesha kazi?"

Nozeli alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana. "Wenyewe wa Fahali wana gereji yao upande wa pili wa mji," alisema kutoka huko. "Nilijua mkichukua Fahali mtakwenda kwao, mimi nitapumzika. Macho yako yalikuwa yananichosha, ndugu yangu. Mtu anafungua boneti anahisi anachomwa mgongoni."

Miezi yote seremala aliyomshuku mtu huyu kwamba analiacha gari na ugonjwa ili arudi, kumbe mwenzake alikuwa akitafuta njia ya kutorudi, na yeye mwenyewe, kwa ubishi wake na futi yake, ndiye aliyemfungia mlango wa kutokea.

Lakini alikuwa ameshafika, na moyo ulikuwa umeshapigwa konde. "Bado unamtaka mke wangu?"

Miguu ilitulia. Nozeli akajivuta nje, akakaa sakafuni, akachukua kitambaa. Hakukasirika.

"Nilimtaka," alisema. "Aliponikataa nilikaa sana sipiti hata mtaa wao. Sasa hivi nikimwona anacheka nafurahi, halafu nafunga boneti narudi hapa. Zaidi ya hapo sina. Kama na hilo ni kosa, niambie, nitamtuma fundi mwenzangu."

Lilikuwa jibu gumu. Seremala alikuja akiwa amejiandaa kwa ndiyo, ambayo angepigana nayo, au kwa hapana, ambayo angeibeba nyumbani. Hili halikuwa lolote kati ya hayo. Alimtazama mtu yule aliyekaa sakafuni, shati la pasi likiwa limetundikwa msumarini nyuma yake, jikoni pakiwa ni pembe ya gereji yenye kikombe kimoja na sufuria moja, akahisi wivu unamchoma tena, lakini safari hii umechanganyika na kitu kingine ambacho hakukipenda, kwa sababu kilifanana na huruma.

"Si kosa," alisema hatimaye. "Ila gari nitakuwa nalileta mimi."

"Lete wewe," Nozeli alisema, akarudi chini ya gari.

Wakakubaliana hivyo, na hawakuwa marafiki, wala hakuna aliyetaka wawe. Donge la seremala halikuyeyuka siku ile. Lilipungua ukubwa, likawa kitu ambacho mtu anaweza kutembea nacho. Dada yake alipokuja tena na maneno yake ya kuuliza tu, alimwambia, "Dada, kunywa chai," na dada akanywa chai.

Lakini mchana wa siku ile ya sevisi alirudi na gari, akaliegesha kwa kubahatisha, tairi moja juu ya ukingo wa baraza. Mama Pacha akatoka kumpokea, ameshika kiuno.

"Haya, amesema nini?"

Seremala akashtuka. Nozeli amemwambia? Anajua? "Amesema nini kuhusu nini?"

"Kuhusu gari! Mashine imesoma nini? Filta kabadilisha? Breki je?"

Asubuhi nzima seremala alikuwa amekaa kule gereji kwenye benchi, akaongea na mtu yule mambo ambayo wanaume wengine wanakufa nayo, na suala la gari halikumpitia hata kichwani.

"Sikuuliza," alisema.

Mkewe alimwangalia, akatikisa kichwa, akapita kando yake na kufungua boneti mwenyewe. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Seremala akaja akasimama karibu yake, mikono nyuma, akachungulia ndani. Akanyoosha kidole kwenye chombo kimoja cheupe pembeni.

"Hiki ni nini?"

"Hapo panawekwa maji ya kuoshea kioo," Mama Pacha alisema.

"Ahaa," seremala alisema, akanyoosha kidole kwenye kingine.